Mabomba Mawili Mezani

Weka mezani mabomba mawili ya chuma, kila moja urefu wa mita. Kwa nje ni pacha: kipenyo ni inchi moja na tano ya nane, yaani milimita 41.3. Yapake rangi moja, na hata fundi mzoefu hatayatofautisha kwa macho. Lakini yanyanyue, na mkono utakuambia. La kwanza lina kilo 2.8 hivi, la pili kilo mbili na ushee mdogo. Lile zito ni chuma laini, chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo, na ukuta wake una unene wa milimita 3. Jepesi ni kromoli, chuma kilichotiwa kromiamu na molibdeni, na ukuta wake ni milimita 2.1 tu. NHRA, chama kinachosimamia mbio za dragi nchini Marekani, kinayakubali yote mawili kwa kujengea kizimba cha kumkinga dereva.

Mtu anayejenga gari lake la kwanza la dragi huanzia hapa. Anauliza: ninunue lipi? Nami nimefikia kuamini kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla ya bomba kuna mshono, yaani mkono wa atakayechomelea. Na kabla ya mshono kuna kichwa cha dereva, kimekaa wapi na kitagonga nini. Lakini kwa kuwa kila mtu huanza na bomba, tuanze nalo.

Mbio za dragi zenyewe hazihitaji maelezo marefu. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, na anayetangulia kuvuka mstari robo maili mbele, mita 402, ndiye mshindi. Gari linalomaliza umbali huo kwa sekunde kumi huvuka mstari likikimbia takriban kilomita 217 kwa saa. Tuseme lina kilo 1,450 pamoja na dereva wake. Nishati iliyobebwa na mwendo huo ni sawa na ya gari hilohilo likidondoka kutoka kimo cha mita 185. Jengo la KICC jijini Nairobi lina mita 105. Basi fikiria gari linadondoka kutoka juu ya KICC, kisha liongezee robo tatu ya KICC nyingine. Nishati hiyo yote lazima iishie mahali. Siku njema inaishia kwenye breki na parachuti. Siku mbaya inaishia kwenye ukuta wa zege, kwenye bati la paa, na kwenye kile fundi alichokijenga humo ndani.

Kazi ya kizimba ni moja: gari likibingirika au likigonga ukuta, nafasi ya ukubwa wa mtu mmoja ibaki nafasi. Kila kitu kingine kinaweza kupotea, bodi, injini, magurudumu. Nafasi ile haipotei.

Turudi mezani. Gari lenye kizimba kamili linaweza kula mita 25 za bomba. Kwa chuma laini hiyo ni kilo 71 hivi; kwa kromoli ni kilo 51. Tofauti ni kilo 20. Wana dragi wana kanuni yao ya siku nyingi, kwamba kilo 45 zikiondolewa kwenye gari, robo maili hupungua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hesabu hiyo kromoli inakununulia chini ya nusu ya sehemu hiyo ya kumi. Kwa anayeshindana kitaaluma, ambako ushindi hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, huo ni utajiri. Kwa kijana anayejenga gari la mwisho wa wiki kwa mshahara wake, ni fedha nyingi kwa faida ambayo angeipata kwa kung'oa kiti cha nyuma.

Hapo ndipo watu hujibu: lakini kromoli ni ngumu zaidi. Neno "ngumu" linabeba mambo mawili ndani yake, na kuyachanganya kumewagharimu wengi. Jambo la kwanza ni ukaidi wa chuma dhidi ya kupinda kidogo na kurudi. Kwa hilo vyuma vyote viko sawa. Kaboni, kromiamu, molibdeni, tia utakacho: chuma hujinyoosha na kujirudi kwa kiasi kilekile, na kinachoamua ni umbo na unene wa bomba. Kwa kuwa bomba la kromoli lina ukuta mwembamba, ukilibonyeza kwa nguvu ileile litapinda theluthi moja zaidi kuliko lile la chuma laini lenye kipenyo hichohicho. Aliyenunua kromoli ili gari lisijinyonge wakati wa kuondoka, kama hakuongeza kipenyo, amenunua kinyume cha alichokitaka.

Jambo la pili ni pale bomba linapofika kikomo, likipinda na lisirudi tena. Hapa kromoli inastahili sifa zake. Chuma laini cha bei nafuu, kile kilichokunjwa kutoka kwenye bamba kisha kuungwa kwa mshono mrefu wa ubavuni, hufika kikomo mapema. Kromoli hustahimili takriban mara mbili yake. Lakini kati ya hao wawili yupo wa tatu ambaye wauzaji hawamtaji sana: bomba la chuma laini lililoungwa, kisha likavutwa baridi juu ya kiini cha chuma mpaka ukuta ukalingana na mshono ukapotea. Mvuto ule wa baridi hukikaza chuma hadi kikaribiane na kromoli ya kawaida. Na kwa kuwa sheria inataka bomba la namna hii liwe na ukuta wa milimita 3 dhidi ya 2.1 za kromoli, kizimba chake kinaweza kustahimili mzigo sawa, au zaidi, kabla ya kupinda. Tahadhari ni moja: joto la kuchomelea hulegeza tena ule mkazo uliopatikana kwa kuvutwa, kandokando ya kila kiungo.

Kuna sifa moja zaidi, nayo naiona kubwa kuliko zote. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje. Unakunjika, unakunjua, unakunja tena. Sasa chukua wembe wa msumeno wa chuma. Una nguvu kuliko waya mara nyingi, lakini ukiukunja kupita kiasi unakatika pwaa, na vipande vinaruka. Kizimba kinachookoa maisha hufanana na waya kuliko wembe. Kinatakiwa kipinde polepole kikila nishati, kisikatike. Bomba likipinda sentimita tano, dereva anatoka akiwa na michubuko. Likikatika, ncha yake inageuka mkuki ndani ya chumba chake mwenyewe.

Na hapo tunafika kwenye mshono.

Kromoli inayotumika kwenye vizimba, ile inayojulikana kwa namba 4130, ina kaboni ya takriban asilimia 0.3. Chuma laini kina karibu 0.2. Tofauti inaonekana ndogo kama ya chumvi kwenye mchuzi, na kama chumvi, inabadilisha kila kitu. Chuma chenye kaboni nyingi kidogo na kromiamu ndani yake, kikipashwa hadi kiwe chekundu kisha kikapoa haraka, hugeuka kuwa kigumu na kikavu kama kioo. Wahunzi wamelijua hilo tangu zamani. Ndiyo siri ya kuchovya kisu kwenye maji. Fundi anayechomelea kromoli anafanya uhunzi huo bila kukusudia. Kando ya mshono kuna ukanda mwembamba uliopata moto bila kuyeyuka. Ukipozwa kwa pupa, kwa maji, kwa kitambaa kibichi, hata kwa upepo mkali wa mlangoni, ukanda ule unageuka wembe wa msumeno. Mshono wenyewe utaonekana mzuri. Ajali itakapokuja, bomba litakatika milimita chache pembeni yake.

Ndiyo maana NHRA inasema wazi kwamba kromoli lazima ichomelewe kwa njia ya TIG pekee. Chuma laini kinaruhusiwa TIG au MIG. Katika TIG fundi anashika ncha ya tungsteni mkono mmoja na waya wa kujazia mkono wa pili, gesi ya agoni ikikinga dimbwi la chuma kilichoyeyuka, na mguu wake uko kwenye pedali inayoongeza na kupunguza moto. Kazi ni ya polepole. Anauona mzizi wa mshono ukiyeyuka kabla hajaongeza chuma. Mashine ya MIG husukuma waya yenyewe, haraka, na fundi mzembe anaweza kulaza mshono mnene unaong'aa juu ya bomba ambalo halijayeyuka chini yake. Kwenye ukuta wa milimita 3 wa chuma laini kosa hilo lina nafasi ya kusamehewa. Kwenye 2.1 za kromoli halina.

Kuna jambo hapa lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na sasa naliona ndilo busara yote ya kazi hii. Wachomeleaji wengi wa kromoli hutumia waya wa kujazia ulio dhaifu kuliko bomba lenyewe. Waya wa nguvu sawa upo. Wao huchagua ule laini, kisha huufanya mshono uwe mpana kidogo kufidia, kwa sababu mshono laini hunyumbulika. Wanautaka uwe waya wa nondo.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza chuma laini au kromoli, namuuliza nani atachomelea. Kama ni fundi mwenye mashine ya TIG, anayekata ncha ya bomba kama mdomo wa samaki ili ikumbatie bomba jingine bila mwanya, anayesafisha kwa asetoni kabla ya kugusa moto, basi kromoli inawezekana. Kama ni rafiki hodari mwenye MIG, chuma laini kilichovutwa baridi ni uamuzi wa mtu mzima. Zile kilo 20 zitafutwe kwingine.

Nitoke kidogo kwenye viwanja vya Marekani, kwa kuwa najua msomaji wangu anaweza kuwa amesimama kwenye gereji ya Gikomba au Gerezani akiangalia rundo la mabomba ya maji. Bomba la maji si bomba la kizimba, hata likiwa zito. Inchi zake zenyewe ni za namna nyingine: bomba la maji linaloitwa la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, kwa sababu jina lake lilitokana na tundu la ndani. Limetengenezwa kubana maji, si kubeba mzigo wa ajali. Likiwa limepakwa zinki ni balaa zaidi, kwani zinki ikichomwa hutoa moshi unaomletea fundi homa usiku huo, na chembe zake huingia kwenye mshono na kuuacha na vishimo na nyufa. Kuna mafundi wa jua kali wenye mikono ya dhahabu, na kuwapa nyenzo isiyofaa ni kuwadhulumu wao kwanza.

Afrika Mashariki tuna mila yetu ya vizimba, ile ya Safari Rally, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye mbio za ubingwa wa dunia 2021. Magari yale hufuata sheria za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Kwa upinde mkuu, ule wa nyuma ya dereva, FIA inataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, la chuma cha kaboni kisichochanganywa, milimita 45 kwa ukuta wa 2.5, au 50 kwa 2. Linganisha na NHRA: ukuta wa 2.5 hautoshi kwenye jedwali lao la chuma laini, hata kama bomba ni nene zaidi kwa nje. Kizimba kilichopita ukaguzi Naivasha kinaweza kukataliwa Pomona, kwenye uwanja wa dragi wa California. Hakuna aliyekosea. Gari la rali hubeba watu wawili na hukutana na miti, mawe na mitaro. Gari la dragi hubeba mmoja na hukutana na ukuta wa zege ulionyooka kwa mwendo mkubwa zaidi. Kila sheria inamkumbuka adui wake. Jifunze sheria za uwanja utakaokimbia kabla hujakata bomba la kwanza.

NHRA iliasisiwa 1951 na Wally Parks kule California, wakati vijana waliorudi vitani walikuwa wakishindana barabarani usiku, nia ikiwa kuwatoa huko na kuwapa mahali penye utaratibu. Sheria zake za leo zimejengwa kama ngazi. Gari la bodi kamili linalokimbia robo maili kati ya sekunde 11.49 na 10.00 linahitaji upinde wa kujikinga nyuma ya dereva pamoja na mihimili yake. Likishuka hadi 9.99, au likifikisha maili 135 kwa saa, linahitaji kizimba kamili na cheti cha chasisi. Magari ya kasi zaidi lazima yajengwe kwa maelezo ya SFI, taasisi iliyoundwa 1978 kuweka viwango vya vifaa vya mbio, na gari likifika 7.49 cheti chake huombwa upya kila mwaka. Aliye kati ya 7.50 na 9.99 huomba kila miaka mitatu. Magari ya kiwandani ya 2008 na kuendelea yalipewa nafuu ya kukimbia hadi sekunde 10.00 bila upinde, mradi mifuko ya hewa na vifaa vyake vyote vya usalama vinafanya kazi.

Vipimo ndani ya ngazi hiyo vinavutia zaidi kuliko ngazi yenyewe, kwa kuwa vyote vinamzunguka mtu. Upinde mkuu uwe ndani ya inchi sita kutoka kichwa cha dereva, kwa nyuma au ubavuni. Upande juu ya helmeti yake inchi tatu au zaidi, akiwa amekaa anavyokaa akiendesha. Mhimili wa mlangoni upite katikati ya bega na kiwiko chake. Ule wa kufungia mikanda ya mabega usizidi kimo cha bega, wala usishuke zaidi ya inchi nne chini yake, kwa maana mkanda unaovutwa kutoka chini sana huubana uti wa mgongo kama mtu anayefunga gunia. Soma vipimo hivyo tena. Hakuna hata kimoja unachoweza kukipima gari likiwa tupu. Dereva lazima akae kwenye kiti chake, amevaa helmeti yake, kabla msumeno haujawaka. Fundi anayejenga kizimba kwa kukisia, kisha akaweka kiti baadaye, amejenga kizimba cha mtu mwingine.

Uzito wa nafasi hiyo inayokizunguka kichwa ulionekana mwaka 2007. Aprili ilipoingia, timu ya dragi ya John Force, dereva na bingwa wa siku nyingi, ilikuwa imetoka kumzika dereva wake Eric Medlen, kijana wa miaka 33. Tarehe 19 Machi alikuwa akifanya majaribio Gainesville, Florida, katika gari la Funny Car, moja ya yale yanayochoma naitromithani na kuzidi kilomita 480 kwa saa. Tairi la nyuma likaanza kutikisika. Kila dereva wa dragi anaujua mtikisiko huo. Tairi likikosa mshiko hujikunja na kujikunjua kwa kasi ya kutisha. Safari hii mtikisiko ulikuwa mkali kupita ulivyozoeleka. Kichwa cha Medlen kilirushwa huku na huku ndani ya kizimba, na ubongo ukaumia. Alifariki tarehe 23. Baba yake, John Medlen, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa gari lake.

Kizimba hakikuvunjika. Hilo ndilo linaloniumiza kila nikilifikiria. Bomba lilifanya kazi ya bomba, mshono ukafanya kazi ya mshono, na mtu akafa kwa sababu ya sentimita chache za nafasi kati ya helmeti na chuma, na kilichokuwa ndani ya nafasi hiyo. Timu ilisimamisha magari yake mengine na baba mtu akaingia kazini. Vizimba vya Funny Car vikapanuliwa pande zote mbili za kichwa, sponji za kinga zikaongezwa unene na kupangwa upya, na chama kikazifanya ziwe lazima. Ukiona leo dereva wa daraja hilo amekaa katikati ya mito minene kama yai kwenye trei, unaangalia kazi iliyoanza wiki ile.

Neno sponji lisikudanganye. Sponji ya godoro, au ile laini ya kufunika mabomba ya kiyoyozi, ukiibonyeza kwa kidole inalala mpaka chini. Kichwa kikija kwa kasi kitaipita kana kwamba haipo. Kinga inayokubalika hubeba alama ya SFI 45.1 na ni ngumu kiasi kwamba mtu wa kwanza kuishika hudhani amepewa kitu kisichofaa. Inabidi iwe hivyo ili ianze kunywea pale tu kichwa kinapogonga kweli. Na hii ndiyo sababu namwambia kila anayetaka kizimba kamili kwenye gari analopelekea watoto shule: usifanye. Barabarani huvai helmeti. Bomba lililo inchi sita kutoka kichwani, kwenye ajali ndogo ya kilomita 50 kwa saa, ni nyundo. Gari la barabara libaki na mifuko yake ya hewa.

Miezi sita baada ya Medlen, tarehe 23 Septemba 2007, John Force mwenyewe alipata ajali Ennis, Texas. Tairi lilipasuka mwishoni mwa mbio, na chasisi yake ya kromoli ikakatika vipande viwili. Mbele kukaenda na injini. Nyuma kukabaki kizimba na mtu ndani yake, miguu ikiwa wazi. Aliumia vibaya mikono na miguu, akajifunza kutembea upya, na 2010, akiwa na miaka 61, akatwaa ubingwa tena. Kizimba kile kilimhifadhi, ila chasisi iliyokibeba ilikatika, na mafundi wa chasisi wakaanza kujadili kwa sauti jambo ambalo awali lilisemwa chinichini: mabomba ya kromoli yaliyopikwa tanuruni ili yazidi kukaza. Nguvu zaidi kwenye karatasi. Je, hayakuwa yamesogea upande wa wembe wa msumeno? Mjadala huo ulikuwa wa kitaalamu na mrefu, lakini msingi wake ni ule waya wa nondo tuliouacha mezani.

Kwa gari la bodi ya kiwanda, mahali pa kukatikia ni pengine, napo hupuuzwa sana: sakafu. Bodi nyingi za kisasa hazina fremu, sakafu ni bati. Ukichomelea bomba la milimita 41 moja kwa moja juu ya bati, gari likidondokea paa bomba litatoboa sakafu kama kisigino chembamba kwenye tope. Kwa hiyo sheria inataka mabamba ya inchi sita kwa sita, unene wa moja ya nane ya inchi, juu na chini ya sakafu, yafungwe kwa bolti zisizopungua nne za tatu ya nane ya inchi, au yachomelewe ipasavyo. Kabla ya hapo, zulia litolewe, rangi ikwanguliwe, bati lichunguzwe. Kutu ya Mombasa au Tanga inayokula gari kutoka chini haijali umenunua bomba la bei gani.

Bomba lenyewe likunjwe baridi, kwa mashine yenye kiini cha ndani au ya namna inayolinda duara lake. FIA hutaka tao la kunja lisiwe dogo kuliko mara tatu ya kipenyo cha bomba, na bomba likigeuka yai, upande mfupi usipungue asilimia 90 ya mrefu. Bomba lililojaa makunyanzi kwenye kona limeshaanza kukunjika. Ajali itamalizia tu.

Na mikanda ifuatiliwe. Ile yenye alama ya SFI 16.1 hubadilishwa au kurudishwa kiwandani kila miaka miwili, kwa sababu jua na vumbi huvila vitambaa hivyo. Kizimba kisicho na mkanda mzima ni debe lenye mtu anayegonga kuta zake.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi huja na kifaa kidogo chenye ncha anachokigusisha kwenye bomba. Kinatuma sauti isiyosikika ndani ya chuma na kusoma mwangwi wake. Papo hapo kinaonyesha unene wa ukuta. Anapima zaidi mahali palipokunjwa, upande wa nje wa tao, ambako chuma huvutika na kuwa chembamba. Bomba lililonunuliwa likiwa na milimita 2.1 kamili, bila ziada yoyote, linaweza kuanguka hapo, ndiyo maana wajenzi wenye uzoefu huagiza lililo nene kidogo kupita kiwango. Kisha anainama, anawasha tochi, anatazama mishono. Sheria inakataza kuisaga. Fundi aliyezoea kutengeneza mageti na vitanda, ambaye kwake mshono mzuri ni ule uliosagwa ukalingana na kupakwa rangi, hupata taabu kulielewa hili. Grinda huondoa chuma kilichokuwa kinabeba mzigo, na huficha mashimo. Kwenye kizimba mshono unaachwa jinsi ulivyotoka kwenye moto, magamba yake kama sarafu zilizolazwa moja juu ya nyingine.

Mkaguzi huanza na ule ulio juu kabisa, nyuma ya kichwa, pale bomba la paa linapokutana na upinde mkuu na paa la gari linamzuia fundi kuingiza mkono vizuri. Anajua kwamba mshono wa mlangoni, mahali pa kuonekana, utakuwa safi. Anaingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kati ya bomba na paa, anakigeuza polepole, anatafuta upande wa nyuma.